Kweli Mbili Kwenye Kona Moja

Filimbi ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama, na ilipoponyoka kwenye kibano haikutoa hata sauti. Bi Kibano alivua miwani yake ya kukuzia, akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu chini ya meza ya kazi, katikati ya vumbi la jasi na vipande vya nta. Juu yake, kwenye rafu, meno ya bandia yalikuwa yamepangwa yakisubiri wenyewe, yote yamekenua. Mtu angeingia wakati ule angedhani yanamcheka yeye.

"Chekeni tu," aliyaambia. "Nyie kesho mnaondoka. Mimi na filimbi yangu tupo."

Aliipata mwishowe, imejishika kwenye soli ya kiatu chake mwenyewe. Akaiokota tena kwa kibano, akazuia pumzi, akaigandisha juu ya paa la kibanda cha dereva. Injini ya mvuke iliyoenea kiganjani ikawa na filimbi, na mwanamke wa makamo mwenye vumbi magotini akapiga vigelegele peke yake chumbani. Ilikuwa mchana kweupe, na jirani wa duka la dawa alichungulia mlangoni kuuliza kama kuna harusi.

"Kuna mtu kapata filimbi," Bi Kibano alimjibu.

Jirani alitikisa kichwa, akarudi kwenye dawa zake.

Kazi iliyomlisha ilikuwa hiyo ya meno. Madaktari walimletea vipimo vya vinywa vya watu, naye akawarudishia tabasamu. Lakini kazi iliyomshibisha ilikuwa hii nyingine: kuunda upya, kwa bati la shaba na lehemu, magarimoshi ambayo hayapo tena. Wenzake wa chama cha reli ndogo ndio waliompa jina hilo la Bi Kibano, maana hata chumvi, walidai, alikuwa akiitia mchuzini kwa kibano. Yeye hakulikataa jina. Mtu akikuita kwa kifaa chako cha kazi, hajakutukana.

Na mwaka huo alikuwa akimuunda Mama Mkwe. Jina hilo halikutoka kwake, lilitoka kwa watu wa reli wenyewe. Walimpa injini ile jina hilo kwa sababu alipoingia stesheni kila mtu alinyamaza, na hata akiwa amesimama tu bila kazi alikuwa akinung'unika na kutoa mvuke kama mtu aliyekuta sufuria hazijaoshwa. Alivuta mawe kutoka machimboni maisha yake yote ya kazi. Kisha akauzwa chuma chakavu, akayeyushwa, na pengine leo ni nondo kwenye ghorofa la mtu.

Baba yake Bi Kibano alikuwa fundi mkuu wa karakana iliyomhudumia Mama Mkwe. Sasa alikuwa mzee mstaafu mwenye mabega mapana na masikio yaliyochoshwa na nyundo. Kila binti yake alipomaliza kuunda kitu, behewa la barua, tangi la maji, toroli la wakaguzi, alimpelekea kwanza yeye. Mzee alifuta mikono yake kwenye suruali hata kama ilikuwa safi, akakipokea, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakirudisha.

"Zuri, mwanangu," alisema. "Zuri sana."

Na neno hilo lilimchoma. Zuri ni neno la kumwambia mtoto aliyechora jua lenye macho na pua. Alikulia kwenye nyumba iliyojaa mafundi siku za Jumapili, na hakuwahi kumsikia baba yake akimwambia fundi mwenzake kwamba kazi yake ni nzuri. Aliwakosoa. Aliwabishia mpaka chai ikapoa, akawaambia wamepinda, wamezidisha, wamelipua kazi, nao wakambishia vilevile, na wakaondoka wakiwa wamenyooka migongo kama watu waliopewa nishani. Mtu ambaye kazi yake haikumhusu ndiye aliyemwambia zuri. Bi Kibano alikuwa na mvi mbili tatu kichwani na bado alitaka kitu kimoja kutoka kwa baba yake: akosolewe.

Ndiyo maana Mama Mkwe alikuwa siri. Mzee hakuambiwa ni injini gani inayoundwa, angemwona kwa mara ya kwanza siku ya maonyesho, akitembea. Na kwa kuwa kulikuwa na mambo ambayo mchoro wa kiwandani aliokuwa akiufuata haukuyasema, mama yake alikuwa ameteuliwa kuwa jasusi.

"Nimemuuliza," mama alinong'ona kwenye simu, kwa mnong'ono wa kusikika mtaa wa pili.

"Umemuuliza nini?"

"Lile bomba la moshi. Nimemwambia, hivi mume wangu, bomba la yule Mama Mkwe lilikuwa na mkanda wa shaba, au halikuwa nao?"

"Mama! Hivyo hivyo?"

"Sasa ningeulizaje? Kaacha kula, kanikodolea macho. Ananiambia, miaka yote nakusimulia habari za reli unasinzia, leo unataka mkanda wa bomba?"

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia nimeota."

Bi Kibano alifunika uso kwa mkono. "Akakubali?"

"Mwanaume ukimwambia umeota kazi yake, anakubali. Mkanda ulikuwepo. Wa shaba. Walikuwa wakiusugua kwa majivu."

Chama kilikutana kwenye stoo ya nyuma ya duka la mikate, kwa hisani ya Mwokaji, mwenye duka, mwanamke mnene mcheshi ambaye mikono yake iliyozoea kupamba keki ndiyo iliyofinyanga vilima, mawe na vichaka vya reli yao. Njia yenyewe ilichorwa na Bwana Nyuzi, mpimaji ramani mstaafu, mrefu na mkavu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na neno "kona kali" kinywani mwake. Kwake kona ilikuwa ya nyuzi kadhaa, basi. Alikuwa ameifuata kwa miguu njia yote ya zamani ya machimbo, akaipima kwa utepe, reli zikiwa zimekwisha kung'olewa lakini tuta lipo, madaraja yapo, na kule mwisho jukwaa la mawe la kupakia mizigo lipo vilevile. Kwenye kipimo chao, milimita moja mezani ilikuwa upana wa vidole vinne kule relini. Hapakuwa na nafasi ya kubahatisha.

Tena kubahatisha kulikatazwa. Chama kilikuwa na kanuni moja tu, nayo ilibandikwa juu ya mlango: HAKUNA KUBUNI. Usichokijua, usikiweke. Na mlinzi mkali kuliko wote wa kanuni hiyo alikuwa Bi Kibano mwenyewe. Aliwahi kumng'olesha Mwokaji safu nzima ya maua mekundu kando ya machimbo, kwa hoja kwamba vumbi la mawe lisingeyaacha hai. Mwokaji aliyang'oa huku akiimba wimbo wa maziko.

Siku ya kumjaribu Mama Mkwe walikuja wote watatu na chai. Bi Kibano alimweka relini, rangi nyeusi inang'aa, mkanda wa shaba bombani, filimbi juu ya paa. Bwana Nyuzi aliinama akamtazama kwa muda mrefu.

"Dada," alisema, "huyu anatisha. Nimetamani kumwamkia."

Wakawasha umeme. Mama Mkwe alivuta mabehewa yake matupu, akapanda mlima, akavuka daraja, akaelekea machimboni. Pale mwishoni njia ilipinda kushoto kando ya jukwaa la mawe. Injini ilipoingia kwenye kona, kitako chake kilitupwa nje, upande wa kulia, na kikanyagio cha chini kabisa cha ngazi ya dereva kikagonga ukingo wa jukwaa. Tak. Mama Mkwe akainama, akaacha reli, akalala ubavu kama mtu aliyezimia msibani.

Walimwinua. Wakarudia. Tak.

"Jukwaa lako limenenepa," alisema Bi Kibano.

"Jukwaa langu nimelipima kwa mkono wangu, jua la utosi, na nyoka ananitazama," alijibu Bwana Nyuzi. "Mawe ni yale yale mpaka leo. Injini yako ndiyo imeota makalio."

"Injini yangu inafuata mchoro wa kiwanda, msumari kwa msumari!"

"Na jukwaa langu linafuata ardhi. Ardhi haina kiwanda."

Mwokaji alikuwa amecheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. "Jamani, jamani. Mimi ninalo jibu. Nipeni kisu. Naulamba huu ukingo kidogo tu, kama krimu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," walisema wote wawili kwa pamoja.

Wakaachana hivyo, na kila mmoja akaenda kumsaka mwongo. Bi Kibano alipima upya ngazi, magurudumu, urefu wa kitako, usawa wa kila kitu. Hakukuta kosa. Bwana Nyuzi, na miguu yake ile ya uzeeni, alipanda tena machimboni na utepe wake, akapima jukwaa na kona mbele na nyuma. Hakukuta kosa. Walipokutana tena walikuwa na nyuso za watu waliofaulu mtihani wasioupenda. Mchoro ulisema kweli. Ardhi ilisema kweli. Na kweli hizo mbili hazikuweza kupishana kwenye kona moja.

"Hatuna la kufanya," Bwana Nyuzi alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Siku ya maonyesho tumsimamishe kabla ya jukwaa. Watu watamwona tu, mzima mzima."

Bi Kibano alikubali. Bora kusimama mzima kuliko kufika na uongo, alijiambia. Alilirudia hilo njiani, akalirudia akisafisha meno ya bandia ya watu, na kadiri alivyolirudia ndivyo lilivyozidi kumkaa vibaya.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa shule, asubuhi ya Jumamosi yenye jua. Kabla milango haijafunguliwa walikuwa wamekwisha kuunga meza, kunyoosha waya na kufuta vumbi. Nje, foleni ya watoto na wazazi wao ilikuwa imeanza kupiga kelele. Bi Kibano alimtembeza Mama Mkwe mara moja ya mwisho. Akapanda, akavuka daraja, akasimama alipoamriwa, mbali kidogo na jukwaa. Huku machimbo, kule injini, na katikati kipande cha reli tupu.

Alimtazama. Kila msumari ulikuwa mahali pake, na hata hivyo hakuwa yeye. Mama Mkwe gani huyu anayesimama nje ya mlango wa kazi yake kama mgeni asiyekaribishwa? Maana kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelipima: alifika. Kila siku ya kazi aliingia machimboni, na kila siku akatoka na mawe, na hata kuta za shule hii zilijengwa kwa mawe yale. Kufika kwake kulikuwa kweli kama mchoro, na kweli kama jukwaa. Basi lazima kuna kilichokubali kupungua. Jukwaa halikupungua, lipo hadi leo, Bwana Nyuzi kalipapasa kwa mikono yake. Aliyepungua ni yule asiyekuwepo tena. Mchoro ulionyesha alivyozaliwa tu. Wapi alikatwa, na nani, hakuna aliyejua. Lakini kilichogonga kilikuwa kikanyagio.

Angekikata. Hili lilikuwa kubuni, hakuna jina lingine. Tena kubuni mbele ya macho ya mtu pekee duniani ambaye angekumbuka ngazi ile.

"Mwokaji," aliita, "njoo unishikie taa."

Mwokaji alikuja, akaona drili ndogo ya meno mkononi mwa mwenzake, akaona injini imelazwa chali juu ya kitambaa, akaelewa. Macho yakamtoka.

"Haa! Yule aliyening'olea maua yangu leo anakata ngazi ya watu?"

"Nyamaza. Mkono utatetemeka."

"Maua yangu mazuri mekundu…"

"Mwokaji!"

"Nimenyamaza. Nashika taa."

Drili ililia kidogo. Kipande kama ukucha wa mtoto mchanga kikadondoka juu ya kitambaa. Bi Kibano alisafisha mkato, akaupaka rangi nyeusi, akampuliza Mama Mkwe ili akauke, na muda wote huo alijisikia mwizi. Bwana Nyuzi alipita nyuma yao, akapunguza mwendo, akavua miwani yake.

"Leo macho yangu yana vumbi," alisema, akaendelea na safari.

Milango ikafunguliwa. Watoto waliingia kama maji yaliyovunja bomba, wakabanana mezani, wazazi nyuma yao wakijifanya wamekuja kwa ajili ya watoto. Bi Kibano alisukuma swichi. Mama Mkwe akaondoka. Akapanda mlima, akavuka daraja, akafika pale alipopaswa kusimama, na hakusimama. Aliingia kona. Kitako kikatupwa nje, kikapita kwenye ukingo wa jukwaa kwa nafasi ya unywele, na mabehewa yakamfuata moja moja mpaka chini ya mteremko wa mawe. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, ingawa hakuna mtoto hata mmoja aliyejua anashangilia nini. Bwana Nyuzi alikuwa akipiga makofi kuliko watoto. Bi Kibano alicheka kwa furaha, halafu akakumbuka kilichompitisha, na kicheko kikapungua makali.

Alikuwa amepanga kwamba wazazi wake watakuja alasiri. Lakini sauti ya mama yake ilisikika mlangoni kabla watu wa kwanza hawajaanza kuondoka.

"Nimeshindwa kumzuia! Amevaa viatu tangu alfajiri. Nikasema huyu atachakaza zulia bure, bora twende."

Mzee aliingia na tai yake ya siku kubwa, akisalimia kushoto na kulia. Watu walimpisha. Akafika mezani, akaweka mikono kiunoni, akatazama. Mama Mkwe alikuwa ametoka machimboni, anateremka kuvuka daraja, mkanda wa shaba unawaka kwenye mwanga wa dirisha.

Mzee alishusha mikono. Alisogea. Midomo ilimcheza. Halafu akanyoosha kidole.

"Huyo… huyo si…"

"Ndiye, Baba."

"Mama Mkwe!" Sauti yake iligonga paa la ukumbi. Akavua kofia, akainama mbele ya injini iliyoenea kiganjani, na akasema kwa adabu zote: "Shikamoo, Mama Mkwe."

Watu walicheka, naye akacheka nao, na machozi yalikuwa yamekwisha kumlenga. "Sasa nimeelewa ndoto zako," alimgeukia mkewe. "Ndoto zenye mkanda wa shaba! Mwanamke huyu ni hatari."

"Nimelelewa vizuri," mama alijibu.

Bi Kibano alisimamisha treni. Mzee alifuta mikono kwenye suruali yake safi, akamtoa Mama Mkwe relini, akamwinua kwenye mwanga. Binti yake alisimama kando, mikono nyuma, kama mtuhumiwa. Mzee aligeuza upande wa kushoto, akautazama. Akatabasamu, na binti aliliona lile neno likipanda kooni kwake. Halafu akageuza upande wa kulia.

Tabasamu likasimama. Kidole chake kinene kilitua kwenye mkato.

"Nani amekata hapa?"

Haikuwa sauti ya nyumbani. Hata Mwokaji alinyooka.

"Mimi, Baba."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Nani alikuambia ukate?"

"Hakuna aliyeniambia." Alijitahidi kumtazama usoni. "Mchoro una kikanyagio kizima. Lakini akiwa nacho hapiti jukwaani. Nikafikiri, alikuwa akipita. Kwa hiyo nimekata. Nimebuni, Baba. Najua ni makosa."

Mzee alimtazama, akatazama injini, akamtazama tena. Bega moja likaanza kutikisika, kisha la pili, na Bi Kibano alidhani analia mpaka kicheko chenyewe kilipotoka, kikubwa, cha tumboni, cha kumfanya ashike ukingo wa meza.

"Makosa! Anasema ni makosa! Mama watoto, umesikia?" Alijipangusa macho kwa tai. "Mwanangu, kikanyagio hicho nilikikata mimi!"

"Wewe?"

"Mimi, na mkono huu! Siku ya kwanza alipopelekwa laini ya machimbo, alikwama palepale. Makao makuu wakasema, marufuku kugusa injini bila kibali. Jukwaa nalo ni mali ya wenye machimbo, hawataki liguswe. Mawe yamekaa, injini imekaa, wakubwa wanaandikiana barua. Mimi ndio kwanza nimeajiriwa. Bosi akaniangalia, akasema, kijana, mimi naenda kunywa chai. Nikirudi nisikione kile kikanyagio."

"Na kibali kilipatikana?" aliuliza Bwana Nyuzi, ambaye hakuweza kujizuia.

"Kilipatikana, kwa nini kisipatikane? Mama Mkwe alikuwa ameshauzwa chakavu."

Kicheko kilizunguka meza. Mzee alikuwa amewaka sasa. Alieleza jinsi walivyokuwa wakimwegesha Mama Mkwe ubavu wa kulia ukutani kila mkaguzi alipokuja, na jinsi mpiga picha wa kampuni alivyoambiwa kwamba upande ule jua linaua picha, naye maskini akaamini. Bwana Nyuzi alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha miwani puani.

"Aliyekata mwenyewe ameshuhudia," alitangaza. "Hapa hakuna kilichobuniwa."

"Na maua yangu je?" aliuliza Mwokaji.

Bi Kibano hakusikia mambo ya maua. Furaha ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Mkono wake umekata pale pale mkono wa baba ulipokata, bila kuambiwa, bila kuonyeshwa, kwa sababu tu kona ile ilimtaka vile. Na baba yake alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa amemsogeza Mama Mkwe karibu kabisa na jicho lake, amekunja uso.

"Lakini umekata vibaya," alisema.

"Vibaya vipi?"

"Umekata wima. Mimi nilikuwa nimelala chini ya injini, moto wa gesi unaniingia kwenye mkono wa shati, ningekataje wima? Mkato ulikwenda mshazari. Kuanzia hapa, kwenda pale. Umelipua kazi."

"Nimelipua?" Bi Kibano aliinua kidevu. "Baba, ukikata mshazari hivyo kinabaki kidole tu. Dereva atakanyaga nini?"

"Nusu kiatu! Kwani unadhani kwa nini dereva hakunisemesha miezi yote ile?"

"Basi ulimkosea. Ungekata kwa juu ungemwachia pa kukanyaga."

"Kwa juu kuna bomba la maji!"

"Bomba la maji liko nyuma, Baba. Nimeliunda mwenyewe, tazama."

"Hilo umeliweka nyuma mno, na hilo tutakuja kulizungumza."

"Jamani nyie," mama alisema, "mnagombana mbele za watu."

Hakuna aliyemsikia. Vichwa viwili vilikuwa vimeinama juu ya kiganja kimoja, mzee akionyesha kwa kucha, binti akipinga kwa ncha ya sindano, na watoto wamewazunguka midomo wazi. Mama aliwatazama kidogo, akaenda kutafuta pa kukaa, akamwambia Mwokaji kwamba pakiwa na chai asisite. Bi Kibano alikuwa akibisha kwa sauti ya juu kuliko adabu inavyoruhusu, na hakukumbuka siku aliyowahi kuwa na raha kama ile.

Mwishowe mzee alivuta kiti, akakaa mbele ya meza ya zana kana kwamba ameitwa kazini. Akamlaza Mama Mkwe juu ya kitambaa. Akachagua tupa nyembamba kuliko zote. Akaegemeza kiwiko mezani. Akapiga mara moja, akapuliza, akatazama. Akapiga tena, mshazari. Chembe ndogo ya shaba ilibaki imening'inia kwenye mkato.

Bila kuinua macho, alinyoosha kiganja nyuma yake.

"Fundi," alisema, "nipe kibano."

Bi Kibano aligeuka kutazama ni fundi gani anayeitwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu.

Akampa kibano.